Kichujio cha Ghorofa ya Nne

Elieshi Nkya alikuwa na miaka thelathini na tisa, na kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa kuhakikisha barua pepe za watu zinafika. Watu wenyewe walikuwa wafanyabiashara kumi na wanne wa Kariakoo na Mchafukoge: wauza vitenge, vyombo vya nyumbani, taa, vipuri vya pikipiki, na mmoja aliyeuza vifungo vya nguo tu, na akaishi vizuri. Kila mmoja alikuwa na anwani yenye jina la duka lake, na anwani zote zilikaa kwenye seva moja, ghorofa ya nne ya jengo moja la Mchafukoge, ndani ya chumba kilichokuwa jiko la familia iliyohamia Upanga. Sinki lilikuwa bado lipo. Vigae vya ukutani vilikuwa na picha za machungwa. Seva ilisimama palipokuwa na friji, kwa sababu soketi ya friji ndiyo pekee iliyokuwa haijalegea.

Baba yake, Mzee Eliakimu Nkya, alitoka Machame akiwa kijana, akafungua duka la misumari na bawaba Kariakoo, akafika umri wa kuliachia mtoto. Alimtaka Elieshi. Elieshi akasomea kompyuta, duka likaenda kwa mdogo wake Allan. Wateja wa zamani walipomuuliza mzee binti yake anafanya kazi gani, alijibu, "Anapeleka barua." Wateja walidhani yuko posta, na mzee hakuona haja ya kuwasahihisha.

Kati ya kazi zote za seva ile, iliyomsumbua Elieshi kidogo kuliko zote ilikuwa ya kichujio. Zaidi ya nusu ya barua zilizoingia kila siku zilikuwa taka: mirathi ya majenerali waliofia nchi za mbali, dawa za nguvu za kiume, hati za mizigo ambayo hakuna aliyeiagiza. Kichujio kilizitambua na kuzitupa kwenye folda iliyoitwa Taka. Kilijifunza kutoka kwa watumiaji wenyewe. Mtu akiona taka imepenya, anaihamishia Taka. Akiona barua njema imetupwa, anaitoa. Kila barua iliyohamishwa, iwe inakwenda au inarudi, nakala yake iliingia kwenye foleni, na saa kumi na mbili jioni, maduka yakianza kufungwa, seva iliipitia foleni hiyo barua moja moja na kujifunza maneno yake. Ilikuwa kazi ya dakika arobaini. Ilipokwisha, iliandika mstari mmoja kusema imekwisha, na Elieshi aliusoma asubuhi akinywa chai.

Kujua taka ni ipi hakukuwa jambo jepesi kama linavyosikika. Mwaka wa kwanza aliwaita wateja wote kumi na wanne kwenye kikao, wakakubaliana juu ya majenerali na dawa bila ubishi, kisha wakafika kwenye kadi za michango ya harusi. Watatu walisema ni taka. Kumi na mmoja walisema ni taka lakini haiwezekani kusema hivyo. Kikao kikafungwa, na kadi za michango zikaendelea kufika.

Mwaka huu, mwezi wa Machi, kazi ya dakika arobaini ilianza kuchukua saa moja na nusu. Elieshi aliandika kwenye daftari lake: "Foleni imekua. Angalia." Wiki iliyofuata ilichukua saa nne. Baada ya Pasaka aliingia ofisini saa mbili asubuhi, akakuta kazi ya jana jioni bado inaendelea. Ilimalizika saa saba mchana. Saa kumi na mbili ikaanza nyingine.

Jambo la pili lilikuwa baya zaidi, nalo aliletewa na Matilda.

Matilda alikuwa muuza vitenge wa jumla, mama wa Kibosho mwenye sauti iliyozoea kuzidi kelele za mtaa. Alipanda ngazi zote nne kwa miguu maana lifti ilikuwa kwenye matengenezo tangu mwaka juzi, akafika mlangoni, akashika fremu ya mlango, akapumua kwanza.

"Mdogo wangu," alisema, "mimi nina ugomvi na wewe?"

"Hapana, dada Matilda. Karibu, kaa."

"Sikai. Kontena langu limefika bandarini. Nimepata taarifa leo. Taarifa ilitumwa siku sita zilizopita. Unajua ilikuwa wapi?"

Elieshi alijua, lakini alimwacha aseme.

"Ilikuwa Taka! Na juu kabisa, pale mbele, pale pazuri, kuna jenerali ananiita 'Mpendwa katika Bwana' anataka nimsaidie kutoa dhahabu. Huyo amefika salama. Kontena langu limekaa na dawa za nguvu za kiume."

"Pole, dada. Nitaliangalia leo."

"Liangalie sasa hivi, mimi nikiwa hapa."

Elieshi aliliangalia sasa hivi. Alifungua hesabu za kichujio na kukiuliza kinaonaje neno *kontena*. Kichujio kikajibu kwamba neno hilo nusu ni taka, nusu si taka. Akauliza *mzigo*. Nusu kwa nusu. *Bei*, nusu kwa nusu. *Salamu*, nusu kwa nusu. Kwa miaka kumi na mmoja maneno hayo yalikuwa dalili ya barua ya kweli, kwa kuwa Kariakoo ndiyo maneno yanayoandikwa. Sasa kichujio kilikuwa kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake akajibu kwamba inategemea.

"Kimeharibika?" Matilda aliuliza.

"Kimechanganyikiwa."

"Tofauti yake nini?"

"Kilichoharibika unanunua kingine."

Matilda alishuka ngazi akiwa hajaridhika, na Elieshi hakumlaumu.

Alianza na diski, kwa sababu seva ikichelewa mtu wa kwanza kushukiwa ni diski. Alinunua mpya, akahamisha kila kitu, kazi ya siku nzima ya Jumamosi. Kazi ya kichujio ikachukua muda uleule. Diski ya zamani ikapimwa na kukutwa nzima. Sasa alikuwa na diski mbili nzima.

Akashuku joto. Alifungua kava la seva, akatoa vumbi la kutosha kujaza kikombe, akaweka feni juu ya sinki ikielekea kwenye machungwa. Chumba kikawa cha kupendeza. Kazi ikachukua muda uleule.

Akafika kwenye hazina ya maneno ya kichujio. Ilikuwa na mamilioni ya maneno, mengi yakiwa hayajaonekana tena tangu miaka mitano iliyopita. Akayafuta ya zamani, akaipanga upya. Zikapungua dakika kumi na moja kati ya saa kumi na tisa. Aliziandika kwenye daftari, kwa sababu ndizo alizokuwa nazo.

Kisha akagundua kwamba siku mbili za wiki ile kazi ya jana haikuwa imeisha ilipoanza ya leo, na zote mbili zilitaka kuandika kwenye hazina ileile. Moja ilishika kufuli, nyingine ikasubiri, kila baada ya sekunde chache ikiuliza kama kufuli liko wazi. Aliweka sharti kwamba kazi ya pili isianze kama ya kwanza haijatoka. Hilo liliondoa msongamano. Halikuondoa saa kumi na tisa.

Alikuwa amekwishatumia siku tisa. Wateja wanne walikuwa wamepiga simu. Allan naye alikuwa amepiga, kuuliza kama ni kweli barua zake zinakwenda kwa watu wengine, kama alivyosikia dukani. Elieshi alimwambia si kweli. Allan akasema sawa, lakini kwa sauti ya mtu ambaye atawauliza na wengine.

Siku ya kumi alifanya alichopaswa kufanya siku ya kwanza, na hili alikiri mwenyewe baadaye bila kujitetea. Aliacha kuitazama kazi nzima kama kitu kimoja. Aliiagiza seva iandike, kwa kila duka, imeanza saa ngapi na imemaliza saa ngapi. Kesho yake akasoma. Maduka kumi na matatu, yote kwa pamoja, yalichukua dakika kumi na sita. Duka moja lilichukua saa kumi na nane na nusu.

Duka hilo lilikuwa la Mzee Hamud, Mtaa wa Sikukuu, muuza chupa za chai, masinia na mazulia.

Akafungua foleni ya duka hilo. Kulikuwa na nakala elfu tatu mia sita na kumi na mbili za siku moja. Akazitazama zilikuwa barua gani, akakuta ni barua elfu moja mia nane na sita, kila moja mara mbili. Kila moja ilikuwa imepelekwa Taka, kisha ikatolewa. Juzi yake vilevile. Siku iliyotangulia juzi vilevile. Kila siku seva iliambiwa kwamba barua hizi ni taka, ikajifunza, kisha ikaambiwa si taka. Ili ijifunze la pili ilibidi kwanza isahau la kwanza, na kwa kichujio kile kusahau kulichukua muda mrefu kuliko kujifunza, na muda huo ulizidi kila siku. Na barua zenyewe zilikuwa nzito. Kila moja ilibeba picha kumi, kumi na mbili.

Zote zilitoka kwa mtu mmoja. Anwani ilikuwa ya Muscat. Jina lilikuwa Basil.

Elieshi hakuwa na desturi ya kusoma barua za watu. Lakini seva ilipokuwa ikionyesha orodha ilionyesha na mstari wa kwanza wa kila barua, na mstari wa kwanza ulikuwa uleule kwa zote: "Kaka Hamud, assalamu alaykum."

Alifunga orodha. Akafungua kumbukumbu za seva, zile zinazoonyesha nani kaingia kutoka kompyuta ipi. Duka la Mzee Hamud lilikuwa na sanduku moja la barua na neno la siri moja, lililotumiwa na kompyuta mbili za ofisi moja. Kila asubuhi, saa tatu na dakika chache, kompyuta ya kwanza ilihamishia Taka barua zote za Basil. Kila mchana, kama saa saba na robo, kompyuta ya pili ilizitoa zote. Ya kwanza ilikuwa ya Mzee Hamud. Ya pili ilikuwa ya dada yake, Nawal, na saa saba na robo ilikuwa saa ambayo Mzee Hamud alikuwa msikitini kwa sala ya adhuhuri.

Elieshi akachukua daftari lake na kurudi nyuma hadi Februari. Akakuta alichokuwa akikihofia. Tarehe kumi na tisa: "Mzee Hamud analalamika taka zinarudi zenyewe. Nimeenda. Nimemfundisha kuchagua zote kwa mara moja na kuzihamisha. Imetatuliwa." Tarehe ishirini na saba: "Dada Nawal analalamika barua njema zinatupwa zenyewe. Nimeenda (Mzee H. hayupo). Nimemfundisha kuchagua zote na kuzitoa. Imetatuliwa."

Kabla ya hapo walikuwa wakihamisha moja moja, zile walizoziona. Yeye ndiye aliyewapa nguvu ya kuhamisha elfu moja mia nane kwa kidole kimoja. Alikaa pembeni ya sinki kwa muda. Kisha akaagiza wali maharage kwa mama aliyepika chini ya jengo, akala wote, akajipa muda wa kufikiri.

Angeweza kulimaliza akiwa palepale kwenye kiti. Mstari mmoja ungetosha kuiambia seva isijifunze chochote kutoka duka la Mzee Hamud, na kesho kazi ingeisha kwa dakika kumi na sita. Aliuandika mstari huo. Hakuuhifadhi. Watu wawili walikuwa wamemlalamikia, na yeye aliwaandikia wote wawili kwamba imetatuliwa.

Akavuka Mnazi Mmoja kwa miguu, akaingia Kariakoo. Ofisi ya Mzee Hamud ilikuwa juu ya duka. Ilikuwa na meza mbili zilizotazama kuta mbili tofauti, hivi kwamba kaka na dada walikuwa wamekaa wakipeana mgongo kwa miaka mingi, umbali wa kama hatua mbili. Chai ilitoka kwenye chupa ya maonyesho, bado ina karatasi ya bei.

"Shikamoo, Mzee Hamud."

"Marahaba, binti Nkya. Baba hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Dada Nawal, habari za leo?"

"Njema, mwaya. Karibu chai."

Mzee Hamud alikuwa na miaka sitini kasoro miwili, mtu mwembamba, mwenye miwani aliyoivaa kwenye paji la uso muda mwingi kuliko machoni. Nawal alikuwa mdogo wake kwa miaka tisa. Elieshi alimiminiwa chai, akanywa nusu, kisha akasema lililomleta.

"Mzee, seva yangu inachelewa. Nimeitafuta sababu siku kumi. Nimeikuta kwenye barua za Bwana Basil."

Nawal aliacha kuandika. Mzee Hamud hakugeuka.

"Barua hizo ni taka," alisema. "Nilikwambia mwezi wa pili. Nazitupa kila siku, mtambo wako unazirudisha. Nikadhani mtambo umeamua kunipa nasaha."

"Mtambo haurudishi kitu, mzee. Hauwezi kuhamisha barua iliyokwishafika. Ni mtu tu anayeweza."

"Mtu gani?"

Chini mtu alikuwa akigonga sinia kwa sinia kumwonyesha mteja kwamba si jepesi.

"Mimi," alisema Nawal, uso wake ungali kwenye ukuta wake.

Mzee Hamud alishusha miwani kwenye macho.

"Nilidhani mtambo ndio unazitupa," Nawal aliendelea. "Nilimwita Elieshi, nikamwambia. Muulize."

"Aliniambia," Elieshi alisema. "Tarehe ishirini na saba."

"Kwa hiyo kila siku…" Mzee Hamud alianza.

"Kila siku."

"Tangu lini?"

"Kumbukumbu zangu zinarudi nyuma miaka miwili tu, mzee. Kabla ya hapo siwezi kusema."

Nawal sasa aligeuza kiti. Ilikuwa dhahiri kwamba kiti kile hakikuzoea kugeuzwa, maana kiligonga kabati.

"Basi huzisomi?"

"Sizisomi."

"Hata moja?"

"Nawal, nimesema sizisomi."

"Mimi kila Ijumaa nampigia simu. Kila Ijumaa ananiuliza, Kaka anapata barua zangu? Namwambia anazipata, anazisoma, shughuli tu zinamzidi ndiyo maana hajibu. Miaka sita, Kaka Hamud. Nimekuwa mwongo miaka sita na sijui."

Mteja aliita kutoka ngazini akitaka chupa arobaini za lita mbili, zisiwe za bluu. Mhudumu wa chini alikuwa bado na mteja wa masinia. Nawal akainuka, akapanga mtandio wake, akashuka.

Elieshi alibaki na kikombe chake. Alijua habari ile kwa kiasi ambacho mtaa wote uliijua. Baba yao alipofariki Basil, mdogo wake Hamud, alikuwa Muscat kwenye biashara zake, akafika siku tatu baada ya mazishi. Hamud alimpokea mlangoni na kumwambia neno. Basil akamjibu neno. Jioni ileile akarudi uwanja wa ndege. Nawal aliyakumbuka maneno yote mawili. Hamud alisema hakumbuki hata moja. Tangu hapo Hamud alibadili namba ya simu, lakini anwani ya duka ilikuwa imechapishwa kwenye maboksi elfu kumi, haikuweza kubadilishwa.

"Naomba niulize swali la kikazi," Elieshi alisema.

"Uliza."

"Kwa nini hukuzifuta? Kufuta ni rahisi kuliko kuzihamisha kila siku. Ungefuta mara moja, yakaisha."

Mzee Hamud alipandisha miwani, akaishusha, akaipandisha tena.

"Zikifutwa zinakwenda wapi?"

"Haziendi popote. Zinakwisha."

"Haya," alisema Mzee Hamud. "Ndiyo sababu."

Elieshi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa namba ya risiti. Kisha akamaliza chai iliyopoa.

Nawal aliporudi, Elieshi aliwaeleza alichoweza kufanya. Angetengeneza folda ya tatu. Barua za Basil zingeingia humo zenyewe, zisipitie mbele wala zisiende Taka. Kichujio kisingejifunza chochote kutoka humo. Anayetaka kuzisoma angezisoma, asiyetaka asingeziona. Walichotakiwa ni kumpa jina la folda.

"Andika Mengineyo," alisema Mzee Hamud.

"Andika Basil," alisema Nawal.

"Mengineyo inatosha."

"Mengineyo ni vitu visivyo na mwenyewe. Hizi zina mwenyewe."

Elieshi aliweka vidole juu ya kibodi, akasubiri. Alikuwa na subira ya kazi hiyo, siku kumi alikuwa akisubiri mashine. Kaka na dada walibishana juu ya jina la folda kwa dakika ishirini, na aliwahesabia, kwa sababu alikuwa amezoea kuhesabia vitu muda. Hayakuwa mabishano ya folda tu. Mle ndani kulipita habari za mlango, za ndege ya kuunganisha iliyochelewa, za nani aliyeosha maiti na nani alitakiwa kusubiriwa. Mara moja Nawal alitaja yale maneno mawili, na Mzee Hamud akasema, "La pili halikuwa hivyo," kisha akanyamaza, kwa kuwa alikuwa amejisahau.

Mwishowe folda iliitwa Muscat. Hakuna aliyeipenda, kwa hiyo ilikubalika.

Jioni ile kazi ya kichujio iliisha kwa dakika kumi na saba. Kichujio chenyewe hakikupona siku hiyohiyo. Elieshi ilibidi akifute kumbukumbu zake na kukifundisha upya tangu mwanzo, kama mtoto. Aliwaomba wateja wote wamletee barua mia mbili njema na mia mbili za taka. Matilda alileta njema mia mbili na taka mia sita, akasema amejizuia. Ndani ya wiki tatu *kontena* likarudi kuwa neno la heshima, na majenerali wakarudi kwenye folda yao. Allan alipiga simu kusema amewauliza wengine, wamesema mambo yako sawa.

Ijumaa ya kwanza baada ya siku ile, Nawal alimpigia Basil kama kawaida, na safari hii alimwambia ukweli. Barua zake zimefika zote, zipo zote, na hazijasomwa. Basil akauliza habari za mvua. Kesho yake alituma barua kama kawaida, picha kumi na nne.

Elieshi aliyasikia hayo kwa Nawal mwenyewe, aliyepanda ghorofa nne kuja kuyasema, jambo ambalo lingeweza kusemwa kwa simu. Walikaa wawili jikoni mle. Nawal alitazama machungwa ya ukutani, akasema familia iliyoishi hapa anawafahamu, mama wa nyumba hii alipika pilau nzuri. Kisha akaondoka. Elieshi akarudi kwenye kazi yake, akajikuta anampigia baba yake simu kumuuliza tu kama amekula. Mzee Eliakimu alikuwa amekula. Akauliza kuna nini. Elieshi akasema hakuna kitu.

Mwezi wa Agosti, siku ya Jumatano asubuhi, Mzee Hamud alipiga simu.

"Binti Nkya, kuna picha hapa imelala ubavu. Inasimamishwaje?"

Elieshi hakuuliza picha ipi. Alimwelekeza kitufe kwa simu. Ilichukua muda, kwa sababu kwanza picha ilipinduka kichwa chini.

"Ahaa. Ni zulia," alisema Mzee Hamud, akakata.

Mchana wake Nawal akapiga, kwa sauti ya chini, ya mtu aliyeugeukia ukuta.

"Elieshi, nina swali. Barua ikiandikwa kwamba imetumwa, ndiyo imefika?"

"Mara nyingi. Kwa nini?"

"Kaka ameandika. Nimeiona kwenye zilizotumwa. Ina maneno sita. 'Zulia la kijani lina urefu gani.' Hata salamu hamna. Nataka tu kujua kama imefika."

Elieshi alifungua kumbukumbu za seva. Barua ilikuwa imetoka saa nne na dakika arobaini na mbili, na seva ya upande wa pili ilijibu sekunde ileile kwamba imeipokea.

"Imepokelewa, dada."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Nimeiona kwa macho yangu."

Nawal hakukata simu. Elieshi akasikia, nyuma ya Nawal, kiti cha kaka yake kikigonga kabati na sauti ya Mzee Hamud ikisoma jambo kwa sauti kutoka kwenye kioo cha kompyuta yake. Basil alikuwa amejibu. Zulia lilikuwa mita tatu na nusu.

"Fupi," alisema Mzee Hamud. "Mwulize kama ana la mita nne."

"Mwulize mwenyewe," alisema Nawal.